Mama Matundu na Chaki Yake

Ukiingia uchochoro wa mafundi kwa upande wa duka la vitambaa, hesabu milango saba mkono wa kulia, kisha punguza mwendo, maana mlango wa nane ni mwembamba na wengi huupita bila kuuona. Ndani yake yumo mama mmoja ambaye kazi yake, ukimsimulia mtu wa mbali, atadhani unamtania. Mama huyu hashoni nguo. Hakati kitambaa, hapimi mtu kiuno, hauzi vifungo, hapigi pasi. Anatoboa matundu ya vifungo, basi. Asubuhi mpaka jioni, mwaka nenda mwaka rudi, ni matundu tu.

"Wenzangu wanauza nguo," hupenda kusema mwenyewe, huku macho hayajabanduka kwenye sindano. "Mimi nauza mahali ambapo nguo haipo."

Wanamwita Mama Matundu. Wenye midomo yao husema jina lilitokana na utundu wake wala si matundu yake, naye akiwasikia hawakatazi. Chumba chake kina upana wa kitanda kimoja na nusu. Kuna mashine, taa inayoning'inia juu ya mashine, rafu ya nyuzi iliyopangwa kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na kigoda cha wageni ambacho wageni hawakikalii kwa sababu daima kimebeba mabunda ya mashati. Nyuma ya mlango, chini ya shuka kuukuu, mpaka hivi karibuni ilikuwamo cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Hiyo ndiyo aliyokuja nayo jijini, na ndiyo inayofaa tuanze nayo.

Maana kabla ya kuja jijini alikuwa fundi wa mji mdogo, tena fundi pekee. Usidhani ni jambo la kujivunia. Fundi pekee wa mji mdogo anashona kila kitu: sare za shule, mapazia, gauni la bibi harusi, viraka vya magoti, foronya, hata turubai la lori lililochanika. Sindano ikivunjika aliagiza kwa dereva wa basi, akasubiri wiki nzima, na wiki hiyo mji mzima ulikaa na nguo zisizo na mikono. Vifungo vya rangi moja havikuwahi kutosha shati moja. Alijua kila kitu kidogo kidogo, na hakuna alichokijua hadi mwisho, isipokuwa matundu. Matundu aliyatia kwa mkono, robo saa kwa kila tundu, uzi umelala sawasawa, na yalikuwa yanampa raha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Mteja alikuwa anataka nguo yake tu. Nani anasimama kutazama tundu?

Mumewe alipofariki, alifunga cherehani kwa kamba, akamshika mkono binti yake wa miaka sita, wakapanda basi. Uchochoro ulikuwa tayari na mafundi thelathini na kitu. Alizunguka mlango hadi mlango akiomba kazi, na kila mlango ulimjibu vilevile kwamba fundi mmoja zaidi hapa wa nini, mama yangu, sisi wenyewe tunakanyagana. Ilipofika alasiri alikuwa amebaki na mlango mmoja, wa kijana mrefu aliyekuwa anashona mashati akiwa ameinama kama anatafuta kitu kilichopotea sakafuni. Macho yake yalikuwa mabovu. Kola alizishona kwa kupapasa tu, na zilitoka vizuri, lakini matundu yalikuwa yanamtoa machozi.

"Kushona unajua?" aliuliza.

"Najua."

"Sikuulizi kushona nguo. Nguo nashona mwenyewe. Matundu je?"

Alimpa mashati manne. Mama akaketi kwenye kizingiti, binti kando yake, akayatoboa. Kesho yake Fundi Mrefu, kama tunavyomwita mpaka leo, alimletea tisa. Jirani akaona, akaleta yake. Jirani wa jirani naye akaleta. Ulipopita mwezi, mama akagundua hajashika mkasi tangu afike, na ulipopita mwaka alikuwa amenunua mashine ya matundu, ile inayozungusha uzi yenyewe na kushusha kijisu katikati. Tundu moja linaisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Nataka uifikirie mashine hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo inayoniambia mimi jiji ni kitu gani. Fundi mmoja hodari anamaliza mashati matano kwa siku. Shati lina matundu saba. Hayo ni matundu thelathini na tano, na mashine inayameza kabla chai haijapoa, kisha inakaa kutazama ukuta siku nzima. Kule mji mdogo ingekufa kwa kutu. Ili iishi inahitaji mafundi wengi waliobanana mahali pamoja, kila mmoja akiwa na mashati yake mikononi na hatua chache za kutembea. Uchochoro ndio ulioilisha. Na kwa kuwa ilishiba, mafundi nao wakaacha kabisa kutoboa, wakabaki kwenye kola na mikono, na kola zao zikawa nzuri kuliko za mtu yeyote. Hakuna mkubwa aliyeitisha kikao kupanga hivyo. Walibanana tu, wakasukumana, wakagombana, na kila mmoja akajikuta amebaki na kile anachokiweza zaidi.

Kwa ugomvi, usiniulize. Fundi Suruali, mwenye mlango unaotazamana na wa Mama Matundu, alichoka kumtegemea mwanamke huyu, akanunua mashine yake mwenyewe, aina ileile. Sasa, suruali ina matundu mangapi? Lake ni moja, kiunoni. Uchochoro ulicheka wiki nzima. Mama Matundu alisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo, kwamba kuna watu hununua sufuria ya harusi ili wachemshe yai. Tangu siku hiyo, miaka miwili, hawakuwa wanasemeshana. Mashine ya Fundi Suruali ilifunikwa kitambaa, na kila asubuhi suruali zake zilivuka uchochoro kwenda kutobolewa mlango wa nane, zikipelekwa na Bwana Pasi, mpiga pasi wa jirani, ambaye ndiye aliyekuwa balozi wa nchi hizo mbili.

Jambo lingine lazima ulijue, nalo ni chaki. Uchochoroni hakuna anayeandika karatasi. Bunda linapotoka mlango mmoja kwenda mwingine huwa limechorwa kwa chaki kwenye shati la juu. Mstari mmoja ni nguo ya kiume, kwa hiyo matundu yaende kushoto. Mstari na nukta ni ya kike, matundu yaende kulia. Mistari miwili iliyopishana, ambayo wao huiita mkasi, maana yake kazi haijaisha, bunda lisitoke hapo lilipo. Hamali wanaobeba mizigo wanazijua alama hizi kuliko wanavyojua herufi, na hakuna hamali atakayeinua kitu chenye mkasi hata umpigie magoti. Bunda lisilo na chaki yoyote huhesabiwa la kiume, basi tu, ndivyo walivyozoea.

Binti wa miaka sita alikulia chini ya meza ya mashine hiyo, akasoma kwa matundu, akawa muuguzi. Alipangiwa kazi katika mji mtulivu, mwendo wa nusu siku kwa gari, akajenga nyumba huko, na sebule ya mbele akaiwekea madirisha mawili makubwa. Alikuwa na sababu. Magoti ya mama yake yalikuwa yamevimba. Chumba kilikuwa kinapika mtu mchana. Kodi ilipanda kila mwaka, kwa sababu kila fundi wa nchi nzima alitaka kuingia uchochoro huohuo, na mwenye nyumba hakuwa mjinga. Binti alikuwa anakuja likizo, anatazama vile vumbi la nyuzi linavyoelea kwenye mwanga wa taa, na anasikia mama yake akikohoa.

"Mama, njoo ukae kwangu. Chumba kipo, hewa ipo. Mashine si ileile? Umeme si uleule? Matundu utatoboa ukiwa umekaa dirishani unatazama bustani."

Mama Matundu alikuwa na jibu, lakini halikuwa jibu la maneno. Alijua kitu na hakujua kukisema, na binti yake, mtu aliyesoma, alijua kusema. Mwishoni binti alilia, na mama gani anavumilia kilio cha mwanawe? Akaahidi.

"Haya. Fundi Mrefu ana kazi ya hoteli mpya, mashati ya wahudumu. Nikimaliza kazi hiyo, nakuja."

Na neno lake, hilo uchochoro mzima unakiri, halirudi nyuma. Mashati yangekabidhiwa Ijumaa jioni. Gari la kuhamisha liliagizwa Jumamosi asubuhi. Hakumwambia mtu yeyote, na kwa kawaida ya uchochoro kila mtu alikuwa anajua. Fundi Mrefu, ambaye sasa kichwa chote ni cheupe, alikuwa anapita mlangoni mara tatu kwa siku bila kuwa na shida yoyote. Mama naye alikuwa hapati usingizi vizuri. Alikuwa anaona aibu kuhuzunika kwa kuwa anakwenda kupendwa.

Binti alifika Alhamisi kusaidia kufunga. Ijumaa asubuhi, mama alipotoka kwenda kununua uzi wa buluu uliopungua, binti alitazama kile chumba akasema moyoni kwamba leo, kwa mara ya kwanza maishani, kitasafishwa. Alifuta rafu. Alifuta taa. Aliyakung'uta mabunda mawili ya hoteli yaliyokuwa kigodani, na alipoona yamechafuka chaki juu, alichukua kitambaa chenye unyevu akayapangusa mpaka yakatakata.

Mama aliporudi alishangaa. "We! Mpaka nimedhani nimekosea mlango."

Binti akacheka. Mama akaketi, akavaa miwani, akavuta bunda la kwanza. Halina chaki. La kiume, basi. Akavuta na la pili. Siku nyingine yoyote mikono yake ingeshtuka, maana nguo ya kike ina mishono ya kifuani na kiuno kilichobanwa, na mikono ile inajua. Lakini mama alikuwa anatoboa huku akiwaza kwamba haya ndiyo matundu yake ya mwisho hapa, na macho yake hayakuwa safi.

Saa tano Fundi Mrefu aliingia kuchukua kazi yake. Aliinua shati moja la bunda la pili, akalisogeza karibu na pua yake kama kawaida, akapapasa ukingo wa mbele. Akapapasa tena. Kisha akaketi juu ya kigoda, yeye mtu wa kwanza kukikalia kile kigoda.

"Mama Matundu," alisema polepole. "Haya si ya kina mama? Mbona matundu yako kushoto?"

"Ya kina mama yapi? Yote yalikuwa hayana alama."

"Nilichora mwenyewe. Mstari na nukta."

Binti alikuwa amesimama pale pembeni, kitambaa bado kiko mkononi, na juu ya kitambaa hicho weupe wa chaki.

"Nilidhani ni uchafu," alisema.

Sasa uelewe balaa lenyewe. Kola ukiikosea unaifumua. Mkono ukiukosea unaufumua. Lakini tundu halifumuliwi, kijisu kimekwisha kupita. Mashati arobaini ya kike, matundu sita kila moja kwa kuwa nguo yenyewe ni fupi, yote upande usiofaa, na gari la hoteli linakuja saa kumi na mbili jioni, na hoteli inafunguliwa kesho yake. Fundi Mrefu alikuwa ameipata kazi ile baada ya kuitafuta miezi minane.

Mama Matundu alivua miwani. Miaka ishirini na tisa hajawahi kurudishiwa nguo. Alitamani kusema ni mtoto, hakujua, lakini alijua vizuri kuwa mikono ilikuwa yake. "Kosa ni langu," alisema. "Siku yangu ya mwisho, nimekuharibia jina."

Kabla Fundi Mrefu hajajibu, kichwa cha Bwana Pasi kilikuwa kimekwisha kuchungulia. Kichwa hicho kina tabia hiyo. Kilisikiliza, kikatoweka, na ndani ya dakika chache mlango wa nane ulikuwa umejaa watu wanaosema wote kwa pamoja.

"Mkanda wa mbele, huu wenye matundu, umeshonwa peke yake au umekunjwa kutoka shati lenyewe?"

"Peke yake."

"Basi fumua mkanda wa kushoto, weka mwingine mzima, toboa kulia. Tatizo liko wapi?"

"Kitambaa je? Kikiwa cha jora jingine, rangi itakataa."

"Jora Fundi Mrefu alilinunua hapo mwanzo wa uchochoro Jumatatu. Kipande cha mwisho bado kipo, asubuhi nimekiona."

Mtu alikwisha kukimbia. Binti alitazama kitambaa kikirudi mabegani mwa hamali kabla hata hajaelewa nani aliyetumwa. Mkataji wa mlango wa tatu, anayekata tu na hashoni, alikipanga tabaka kwa tabaka akapitisha kisu mara moja, mikanda arobaini ikadondoka. Wanawake wa ghorofani, wanaoshona kola, wakashuka na mikasi midogo na nyembe kufumua. Bwana Pasi akaanza kukunja na kunyoosha mikanda mipya, moshi wa pasi ukimfunika na yeye akiimba vibaya, na Fundi Mrefu akaishona kwenye mashati. Hakuna aliyemfundisha mwenzake la kufanya.

Binti alisimama katikati ya msongamano ule, akisukumwa huku na huku. Kisha akaketi sakafuni, akaomba wembe, akavuta shati. Alikata nyuzi moja moja na kuzichomoa bila kugusa kitambaa, kwa haraka, na mshono wote ukatoka mzima. Mshona kola mmoja aliacha kazi kumtazama.

"Bibie, hii umejifunza wapi? Sisi wenyewe hatufumui hivyo."

"Kutoa nyuzi ndiyo kazi yangu," alisema binti. "Ila zangu huwa ziko kwenye ngozi."

Walicheka mpaka uchochoro wa pili ukasikia, na tangu hapo mashati magumu yote yalirushwa kwake.

Mama Matundu alitoboa. Kila shati lililorudi na mkanda mpya lilikuja mezani kwake, na safari hii alilipapasa mara mbili kabla ya kushusha sindano. Saa tisa, wakati mashati kumi na nane yamekwisha, mashine ilitoa mlio mkavu. Kijisu kimevunjika.

"Kisu!" aliita, kama alivyoita miaka yote, bila kuinua kichwa. Lakini mwenye duka la vipuri pale uchochoroni, ambaye siku zote humletea, alikuwa amefunga, ameenda kumwona mgonjwa. Binti alihesabu kichwani, bila kutaka, ni siku ngapi kijisu kama kile kingechukua kufika kwenye mji wake wenye hewa safi. Aliona sebule, madirisha mawili, bustani, na mama yake ameketi mbele ya mashine iliyokufa, akimsubiri dereva wa basi. Aliona pia kitu kibaya zaidi, kwamba hata kijisu kikifika, kusingekuwa na shati la kutoboa.

Ng'ambo ya pili, mtu alikuwa anahangaika na bisibisi. Fundi Suruali akavuka uchochoro, peke yake, bila balozi. Aliweka kijisu juu ya meza ya Mama Matundu, kipya kabisa, bado kina mafuta ya kiwandani.

"Kule kwangu kinakaa bure tu," alisema.

Mama Matundu alimtazama. Yalikuwa maneno ya kwanza kwa miaka miwili. "Kumbe ile sufuria ilikuwa na kazi," alisema.

"Toboa, mama. Acha maneno."

Saa kumi na moja na nusu, Bwana Pasi alikunja shati la arobaini. Gari la hoteli lilikuja, likachukua, likaondoka, na yule aliyesaini hakujua hata chembe. Basi ungetegemea watu washikane mikono, waambiane maneno mazuri. Thubutu! Kila mtu alirudi mlangoni kwake akiwa na haraka ya kazi aliyoiacha, na haikupita robo saa Fundi Suruali alikuwa anamnyang'anya Fundi Mrefu mteja mbele ya macho yake, na Fundi Mrefu anamtukana kwa furaha. Mimi nawapenda watu hawa, sioni haja ya kuficha.

Binti alikaa kizingitini, pale pale alipokaa akiwa na miaka sita.

"Mama, kwa nini wamefanya vile? Si wanashindana?"

"Wanashindana sana. Lakini hoteli ikikosa mashati haitasema Fundi Mrefu ni mbaya. Itasema uchochoro ule ni mbovu. Na sisi sote tunakula kwa uchochoro." Akasugua magoti yake. "Tena, niseme kweli, hawakufikiria hayo yote. Wamezoea tu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia nini? Hata mimi nimeliona leo likitembea kwa miguu." Aliinuka. "Haya, lete kamba tufunge. Gari linakuja asubuhi."

"Mama..."

"Niliahidi. Kazi ya hoteli imekwisha."

Alifunga nyuzi zake ndani ya sanduku, nyeupe kwanza, nyeusi mwisho. Alifunga miwani ya akiba. Alizungushia mashine shuka na kamba, na mikono ilipofika kwenye fundo la mwisho ilikaa hapo muda mrefu. Hakulia. Alikuwa mtu wa kulia akiwa na kazi mkononi, ili aonekane macho yamechoka.

Jumamosi, jua limekwisha kupanda, gari liliegeshwa mwanzo wa uchochoro na hamali wawili wakaja. Mama alikuwa kwa Bwana Pasi akiaga, jambo ambalo Bwana Pasi alikuwa analikataa kwa kumpigia kelele. Aliporudi aliwakuta hamali wamesimama nje, mikono kiunoni.

"Mbona hambebi?"

"Mama, hii mashine haitoki," alisema mmoja. "Bado."

"Bado nini? Si mmeitwa mbebe?"

"Tumeitwa, lakini tazama mwenyewe. Sisi hatuinui."

Aliingia ndani. Juu ya shuka lililofunika mashine, kwa chaki, kubwa kama dirisha, kulikuwa na mkasi. Mistari miwili iliyopishana. Kazi haijaisha, lisitoke.

Hasira zilimpanda. "Nani kafanya mchezo huu? Fundi Suruali! Naondoka ndiyo unaleta vituko?"

"Mimi simo!" ilijibu sauti ng'ambo. "Ningechora mimi, ungekuwa umenyooka!"

Mama akageuka. Binti yake alikuwa ameegemea rafu tupu, mikono nyuma, vilevile alivyokuwa anasimama zamani akiwa ameiba vifungo vya kuchezea.

"Nyoosha mikono."

Alinyoosha. Vidole vyote vilikuwa vyeupe.

"Ulisema ukimaliza kazi ndiyo utakuja," alisema binti. "Mimi sioni kama imekwisha, Mama. Chumba chako kule kwangu kipo, na magoti nitakuja kuyatazama kila mwezi, na utakuja kwangu kupumzika, utake usitake. Lakini mashine ikae. Kule ingekufa, na wewe nyuma yake." Akafuta macho kwa mkono, akajipaka chaki usoni. "Jana nilifuta nisichokijua. Leo nimeandika ninachokijua. Nimekosea?"

Mama Matundu akautazama ule mkasi. Mstari mmoja ulikuwa umepinda, mwingine mfupi.

"Umekosea," alisema. "Huu ungepita uchochoroni, watu wangesema ni kunguru amekanyaga."

Aliwaambia hamali wabebe ile cherehani ya kukanyaga nyuma ya mlango, wakaiweke kwenye sebule yenye madirisha mawili, huenda kule kuna mtu anayehitaji kushonewa kila kitu kidogo kidogo. Kisha akachukua kipande cha chaki, akamshika binti yake mkono ule mweupe, na wakaupitia mkasi pamoja, mstari kwa mstari, mpaka ukanyooka.